Trei Yenye Tundu

Delbert: Haloo? Nani mwenzangu?

Rhonda: Shikamoo, Baba.

Delbert: Marahaba. Nani? Ongeza sauti, mvua inapiga bati huku, nakusikia kama uko ndani ya gunia.

Rhonda: Rhonda. Kwani una binti wangapi?

Delbert: Aa, mwanangu. Nilidhani ni yule rafiki yangu Hoyt. Tangu asubuhi ananisumbua na gololi za bastola yake za Jumamosi, utasema anakwenda vitani kweli, kumbe ni wazee kumi na wawili wenye kofia za kizamani wanatoboa karatasi. Habari za mjini? Callie hajambo?

Rhonda: Uko wapi saa hizi?

Delbert: Bandani. Ningekuwa wapi? Sufuria imeiva. Nimetia kipande cha nta, nimeengua uchafu wote wa juu, risasi niliyoyeyusha iko safi mpaka najiona pua. Sasa nangoja kalibu la gololi lipate moto. Hizi za kwanza zimetoka na makunyanzi kama mimi, nazirudisha chunguni.

Rhonda: Zima jiko, Baba.

Delbert: Nizime vipi? Kalibu ndiyo kwanza linaanza kukub—

Rhonda: Nataka unisikilize bila kitu mkononi.

Delbert: Mikono inafanya kazi yake, masikio yanafanya yake. Nimefanya hivi miaka thelathini. Sema.

Rhonda: Tuko hospitali. Mimi na Callie. Tangu juzi.

Delbert: (mtandao unakwaruza) Tangu lini?

Rhonda: Juzi.

Delbert: Juzi, na mimi babu yake naambiwa leo?

Rhonda: Nimekupigia jana mpaka kidole kikaniuma. Mnara wenu huo ukiona wingu tu unalala.

Delbert: Subiri, nisogee dirishani. Hapa ndipo panaposhika. Haya. Mtoto ana nini?

Rhonda: (mbali na simu) Callie, kaa vizuri. Kula polepole, mama, unamwaga makombo kitandani. (anarudi) Tumbo. Si nilikuambia tumbo linamsumbua, hapati choo? Nikampa maji ya matunda, nikampa mboga, nikasema litapita. Halafu akaanza kulala mchana kutwa. Halafu maneno.

Delbert: Maneno gani?

Rhonda: Yanampotea, Baba. Mwezi wa saba alikuwa anakuhesabia kwenye simu mpaka kumi, unakumbuka?

Delbert: Nakumbuka. Alikuwa anaruka saba.

Rhonda: Sasa anafika tatu, anabaki kutazama vidole. Jana daktari kamuuliza unaitwa nani, mtoto wa miaka mitatu na nusu. Akanigeukia mimi nimsaidie.

(Kitufe kinabonyezwa.)

Delbert: Nimezima jiko.

Rhonda: Ahsante.

Delbert: Endelea.

Rhonda: Wamempima damu. Ni risasi. Yale madini yenyewe, Baba, hayo unayoyayeyusha. Watoto wengine wana moja, wana mbili, wengine hawana kabisa. Callie ana arobaini na sita.

Delbert: Hapana.

Rhonda: Arobaini na—

Delbert: Nimesikia. Nasema hapana, hicho kipimo kimekosea. Sisi watu wa risasi, Rhonda. Babu yako alikaa shimoni miaka ishirini akiichimba, mimi nimezaliwa chini ya vilima vya kifusi chake, ilitulisha, ikatusomesha. Mimi mwenyewe hunipimi ukanikuta na arobaini na sita.

Rhonda: Wamerudia mara ya pili. Ni ile ile.

Delbert: (anapumua) Nyumba yako hiyo ya kupanga. Rangi za kizamani zina risasi. Nilikuambia siku ile ile, nikakuonyesha dirisha la jikoni jinsi linavyobanduka.

Rhonda: Wamekuja watu wa afya na mashine yao, wamegusa kila ukuta. Wamepima maji. Wamepima udongo wa uani, vitu vya kuchezea, mpaka kiti cha gari. Hakuna kitu.

Delbert: Basi chekechea.

Rhonda: Wamepima chekechea. Baba, wameniuliza. Yule daktari alikaa mbele yangu akauliza, kuna mtu yeyote katika ukoo anayeyeyusha risasi, anayetengeneza vizito vya kuvulia, anayepiga bunduki, chochote. Nikasema hakuna.

Delbert: Kwa nini ukasema hakuna?

Rhonda: Kwa sababu nilitaka nikuulize mimi kwanza.

Delbert: (polepole) Uniulize nini?

Rhonda: Mwezi wa nane tulipokuja. Uliingia naye bandani?

Delbert: Nimekusikia. Najaribu kukumbuka kama wewe ni mtoto niliyemlea mimi.

Rhonda: Usianze.

Delbert: Callie hajawahi kukanyaga banda hili. Mlipokuja nililifunga kwa kufuli, na ufunguo nikautia kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, mahali ambapo wewe mwenyewe hufiki bila kiti. Sikuyeyusha wiki nzima kabla hamjaja. Nguo za banda hazilali na nguo za nyumba. Nanawa mpaka kwenye viwiko, nanawa uso, na hapo ndipo nashika kikombe. Mstari mwekundu aliopaka mama yako kwenye ngazi, unaujua. Kiatu cha banda hakijawahi kuuvuka. Mke wangu amekufa na mstari nimeurudishia rangi mwezi wa sita. Unaniuliza kama niliingia na mtoto!

Rhonda: Nakuuliza kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.

Delbert: Ungemuuliza baba yake.

Rhonda: Baba yake hajamwona tangu Krismasi ya mwaka juzi, unajua vizuri. Nyamaza kidogo nikwambie. Hapa nje ya mlango kuna mama mmoja wa ustawi wa jamii, Bi Pruitt. Si mtu mbaya. Kaniletea na kahawa. Lakini ameniambia wazi. Dawa wanayompa inatoa risasi mwilini, ila mtoto akirudishwa kwenye sumu ile ile itakuwa kazi bure. Kwa hiyo mpaka ijulikane imetoka wapi, haendi nyumbani. Na ikijulikana imetoka mkononi mwangu, kwa uzembe wangu—

Delbert: Uzembe gani?

Rhonda: Wowote. Watampeleka kwa watu, Baba. Atalala kwa watu asiowajua, na jina lake mwenyewe halikumbuki.

(mtandao unakwaruza kwa muda)

Delbert: Bado upo?

Rhonda: Nipo.

Delbert: Mvua imekatika. Sasa nakusikia vizuri. Hebu usilie.

Rhonda: Silii.

Delbert: Haya, huli. Hulii, nilitaka kusema. Tufikiri. Nimemimina gololi miaka yote hii na wewe ulikua hapa hapa, hukuugua. Risasi hairukii mtu. Lazima iingie mdomoni. Mtoto anaweka nini mdomoni?

Rhonda: Nimeulizwa hilo mpaka nimechoka. Havutiwi na udongo, halambi ukuta.

Delbert: Anakula nini?

Rhonda: Hali. Hapo ndipo penyewe. Wanamletea supu anasukuma, wanamletea kuku anasukuma. Kama si vile vikeki vya mama angekuwa anaishi kwa hewa.

Delbert: Vikeki vya mama yupi?

Rhonda: Mama yangu. Vya unga wa mahindi. Kila Jumapili naoka, vinatutosha mpaka Ijumaa. Nilipoambiwa tunalazwa nilioka usiku ule ule, nikaja navyo kwenye mfuko. Anaviita "cha bibi". Maneno mengine yanapotea, hilo halijapotea.

Delbert: (sauti inalainika) Nadine wangu angefurahi. Umejuaje kupika? Hakuandika popote.

Rhonda: Nimesimama pembeni yake miaka kumi na minane. Unga, maziwa ya mgando, mayai, na zile zambarau za porini alizokuwa anazigandisha. Halafu natumia trei yake, nadhani ndiyo siri. Havishiki hata kimoja.

Delbert: Trei yake. Ile ya droo ya chini ya oveni.

Rhonda: Ile nyeusi ya mashimo sita. Niliichukua baada ya mazishi. Sikutaka kitu kingine humo ndani, sikutaka hata pete. Si ulikuwepo nikiipakia.

Delbert: Nilikuwepo kwa mwili. Sikuona nilichokuwa natazama. Ulikwenda ukaitoa kwenye droo?

Rhonda: Ilikuwa mezani, na mabakuli ya watu. Wale akina mama wa kanisa walikuwa wameshaosha kila kitu. Imesuguliwa, imepakwa mafuta ya nguruwe, inang'aa. Nikajua Mama aliipenda.

Delbert: Ilikuwa mezani.

Rhonda: Ndiyo.

Delbert: Rhonda, hiyo trei ina tundu?

Rhonda: Tundu?

Delbert: Kwenye kona. Tundu la msumari, si la kiwandani. Lina kingo kali upande wa nyuma.

Rhonda: Lipo. Na kipande cha waya. Ndio ninaoutumia kuitundika juu ya jiko, alivyokuwa anaitundika yeye.

Delbert: Mama yako hakuwahi kutundika trei maishani mwake.

Rhonda: Sasa huo waya—

Delbert: Amebakiza vikeki vingapi hapo?

Rhonda: Sijui, vitatu. Kuna hiki anachokula. Kwa nini unau—

Delbert: Mnyang'anye.

Rhonda: Nini?

Delbert: Kilichoko mkononi. Mnyang'anye. Na kilichoko mdomoni kitoe, tia kidole ukitoe. Sasa hivi, mwanangu, simu baadaye.

(simu inaanguka kwenye kitu laini. Sauti ya mbali: "Callie, lete. Lete kwa mama. Fungua mdomo. Fungua." Mtoto analia.)

Delbert: Rhonda? Rhonda?

(mtoto analia: "Cha bibi. Cha bibi.")

Delbert: Mungu wangu.

(kelele za nguo, mlango, maji ya bomba)

Rhonda: (anahema) Nimetoa. Nimemfuta ulimi kwa kitambaa. Sasa niambie.

Delbert: Utakaa kwanza?

Rhonda: Niambie, Baba.

Delbert: Hiyo si ya mama yako. Ni yangu. Ya banda. Zilikuwa mbili, pacha, Bi Opal wa kanisani alituzawadia siku ya harusi yetu. Nilipoanza kununua risasi ya zamani mama yako akanipa moja. Akasema hii haitaingia tena nyumbani kwangu, na ile haitatoka. Nikaitoboa kona, nikaitia waya, nikaitundika huku, ili hata gizani mtu asikosee.

Rhonda: Ulikuwa unaifanyia nini?

Delbert: Ukinunua risasi ya zamani, mabomba, mabati ya paa, huwezi kwenda moja kwa moja kwenye gololi. Unaiyeyusha yote kwenye chungu kikubwa, unaisafisha, unaimimina kwenye trei ya vikeki. Inapoa, unapindua, unapata vipande vya kuhifadhi. Wote tunafanya hivyo. Hoyt anafanya hivyo. Nenda kwenye banda lolote la mtu wa bastola za kale za baruti nyeusi utakuta trei ya mkewe.

Rhonda: Miaka thelathini.

Delbert: Miaka ishirini na kitu hiyo trei.

Rhonda: Na maziwa ya mgando yana uchachu. Na zambarau.

Delbert: Usi—

Rhonda: Daktari alisema vitu vyenye uchachu ndivyo vinavyoivuta. Alisema hivyo hivyo, nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi, kikeki kiko mkononi mwangu. Nani aliitoa bandani? Nani aliileta ndani, Baba?

Delbert: Opal. Siku ya mazishi walipungukiwa viti, akaja bandani kutafuta. Alinifuata pale nilipokuwa nimekaa, akaniambia, Delbert, nimekuta trei ya Nadine imetundikwa kwenye vumbi na vyuma vyako, si vizuri, nimeichukua nikaisugua kwa mchanga mpaka imerudi kama siku ile nilipowapa. Alikuwa analia. Nikamwambia ahsante.

Rhonda: Ukamwambia ahsante.

Delbert: Jeneza lilikuwa linapita mlangoni, mwanangu. Angeniambia nyumba inaungua ningemwambia ahsante.

Rhonda: Na baadaye? Hukuona msumari mtupu?

Delbert: Niliuona. Mwezi wa tano nikaitafuta. Nikasema atakuwa ameichukua Hoyt, huyo huazima asirudishe. Nikashika kikaango cha zamani nikaendelea na kazi. Maneno ya Opal hayakunijia hata mara moja. Yamenijia sasa, uliposema mezani.

(mtandao unakwaruza)

Rhonda: Labda umekosea.

Delbert: Natamani.

Rhonda: Labda Mama naye alitoboa yake. Mimi namkumbuka akiitundika, Baba, naona kabisa mkono wake.

Delbert: Ngoja. Naenda nyumbani kutazama droo.

Rhonda: Usikate simu.

Delbert: Sikati. (hatua kwenye kokoto) Usikate na wewe. (mbao zinalia) Haya, niko kwenye ngazi. Ngoja nivue viatu.

Rhonda: Ingia tu, Baba.

Delbert: Siingii na viatu vya banda.

Rhonda: Ingia, jamani! Ina maana gani sasa?

Delbert: Siwezi. Miguu yenyewe inakataa. (anavuta kiatu) Nimevua. Naingia. (hatua laini. Droo ya chuma inavutwa.)

Rhonda: Ipo?

Delbert: (sinia zinagongana)

Rhonda: Baba, ipo au haipo?

Delbert: Ipo. Chini ya zile sinia kubwa. Ina karatasi zake za kuokea ndani, amezikunja. Ina chembe ya unga kwenye kona.

Rhonda: Tundu?

Delbert: Haina tundu.

(Mtoto analia kwa kwikwi kwa mbali.)

Rhonda: Nilikuwa nampa mwenyewe. Kila asubuhi. Mimi nakunywa kahawa yangu, yeye namkatia vipande vidogo, napaka siagi. Asipomaliza namgombeza. Namwambia bibi atasikitika.

Delbert: Hukujua.

Rhonda: Alipoanza kukonda nikamwongeza kuwa viwili.

Delbert: Rhonda. Hukujua.

Rhonda: Na wewe hukujua, na Bi Opal hakujua. Haya, nani alijua? Mtoto anapotea mbele ya macho yangu na hakuna hata mmoja aliyejua.

Delbert: Usimwambie Opal.

Rhonda: Kwa nini nisimwambie?

Delbert: Ana miaka themanini na nne. Huyo akijua hamalizi mwezi.

Rhonda: Kwa nini mimi nijue na yeye asijue? Yeye alale usingizi?

Delbert: Ndiyo. Yeye alale. (anakohoa) Sikiliza. Huyo mama wa ustawi, bado yuko mlangoni?

Rhonda: Yuko na daktari kwenye korido. Wamesikia kilio, watakuja.

Delbert: Utawaambia nini?

Rhonda: Kweli. Kwamba niliichukua mezani kwa baba yangu.

Delbert: Baba yako anayeyeyusha risasi.

Rhonda: Ndiyo.

Delbert: Na jana uliwaambia hakuna anayeyeyusha risasi katika ukoo. Atakuuliza, ulijua kazi ya baba yako, ukachukua chombo nyumbani kwake ukampikia mtoto, na ulipoulizwa ukaficha? Utamjibu nini?

Rhonda: Sijui.

Delbert: Basi mimi najua. Hukuchukua. Nilikupa mimi. Niliishika kwa mkono wangu nikakuambia hii ni ya mama yako, kaoke. Na jana uliogopa kumsema baba yako, kila mtu anaelewa mtoto kuogopa kumsema baba. Trei ni yangu, hilo si uongo. Risasi ni yangu. Mengine ni maneno tu.

Rhonda: Watakuandika, Baba. Watasema Callie asikukaribie.

Delbert: Watasema.

Rhonda: Hata kwa simu labda.

Delbert: Labda.

Rhonda: Huna mwingine. Mama hayupo. Una Hoyt na banda hilo, basi.

Delbert: Banda nalifunga leo. Hoyt atanunua gololi zake dukani kama watu. Mimi nimeishi, Rhonda. Mtoto alale nyumbani kwake, na mtu anayemjua jina. Hilo tu.

Rhonda: Siwezi kusema hivyo.

Delbert: Unaweza. Na wewe pia wakupime damu, usisahau. Na trei usiitupe, watataka kuiona. Itie kwenye mfuko, funga, nawa mikono mpaka kwenye vi—

Rhonda: Wanakuja.

Delbert: Sema nilikupa mimi.

Rhonda: Baba, ngoja—

(simu inawekwa chini, haijakatwa. Mlango. Sauti ya mwanamke, haisikiki vizuri.)

Rhonda: (mbali) Ndiyo, nimekitoa mdomoni. Nimejua imetoka wapi... Trei ya kuokea... Hapana, si ya dukani. Ya baba yangu. Anamiminia risasi, anatengeneza gololi za bastola, zile za baruti nyeusi... Najua. Najua nilisema hakuna. Niliogopa.

(sauti ya mwanamke, swali fupi)

Rhonda: (mbali) Alinipa yeye.

(swali jingine)

Rhonda: (mbali) Ndiyo. Alijua ni ya risasi.

(sauti ya mwanamke, ndefu. Kalamu. Mlango unafungwa. Simu inainuliwa.)

Rhonda: Baba?

Delbert: Nipo.

Rhonda: Wameondoka kidogo. Wanaleta karatasi.

Delbert: Vizuri.

Rhonda: Amesema Callie anaweza kurudi nyumbani na mimi, dawa ikiisha.

Delbert: Vizuri sana. Hilo ndilo tulilotaka.

Rhonda: Ulisikia nilivyosema?

Delbert: Hapana. Mvua hii, nasikia bati tu.

Rhonda: Ulisema imekatika.

Delbert: Imerudi.

Rhonda: Baba, mimi—

Delbert: Imerudi kwa nguvu, mwanangu, na simu yenyewe inataka kuzima. Nenda kamshike mtoto. Kwaheri. Mhesabie vidole, polepole. Na akiruka saba mwache.

(simu inakatika)